Siku Sita kwa Miguu Mpaka Muyinga

Mwaka wa pili tangu turudi Burundi niliwapeleka wanangu likizo kwa miguu. Walikuwa wawili: binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Wote wawili walizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Ngara nchini Tanzania, mahali ambapo mimi mwenyewe nilifika nikiwa msichana mdogo wa kutumwa maji. Tuliporudi tulifikia Gitega, mtaa wa Nyamugari, tukapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya familia moja ya Waislamu. Shamba la marehemu baba yangu liko Ryansoro, lakini baba zangu wadogo walikuwa wamelilima kwa miaka yote ya vita, na sikuwa na moyo wa kugombana nao. Walinikatia kona ya kupanda maharage. Mimi najua kushona, basi nikaweka cherehani kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, na hiyo ndiyo iliyotulisha.

Mume wangu hakurudi nasi. Yeye alizaliwa Tanzania, katika familia iliyokimbia zamani zaidi kuliko yetu, na Kirundi chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili, na watoto wakakua nacho. Siku zetu za kuondoka zilipofika alisema tutangulie, yeye amalizie kibarua cha ujenzi alichokuwa amekipata Ngara mjini, kisha baada ya miezi miwili atufuate. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye ikawa Jumapili moja anapiga, moja anaacha. Mwishowe nikawa napiga mimi. Watoto wakiuliza niliwaambia baba ana kazi nyingi. Haukuwa uongo, lakini haikuwa kweli yote.

Wazo la safari lilitoka kwa wageni. Siku moja mwishoni mwa mwaka wa shule, Wazungu wanne walisimama mbele ya cherehani yangu: baba, mama na watoto wawili, kila mmoja na begi mgongoni, hata yule mdogo kabisa. Mkanda wa begi la mama ulikuwa umekatika. Niliushona mara mbili kwa uzi mnene wakati wao wamekaa kwenye ngazi za duka wakila ndizi. Binti yangu alikuwa pembeni akiwatazama.

“Mama, hawa wanaenda wapi?” aliniuliza walipoondoka.

“Wanatembea.”

“Wanatembea kwenda wapi?”

“Wanatembea tu. Wako likizo.”

Alinisubiri nimalize suruali niliyokuwa naifupisha. Kisha akasema, “Na sisi tuko likizo.”

Shuleni kwao mambo hayakuwa mazuri. Watoto wenzao waliwaita Watanzania, wakacheka wanavyotamka Kirundi. Mdogo alikuwa ameacha kabisa kuongea darasani. Mbele yetu kulikuwa na likizo ndefu ya kiangazi, Julai na Agosti yote, na sikujua nitawafanya nini watoto hawa wanaoshinda wamekaa kwenye kizingiti wakitazama wengine wanacheza. Nilipofikiri mahali pa kwenda, mdomo wangu ulisema Muyinga. Kule nilikuwa na rafiki, jirani yetu wa kambini, aliyekuwa ananiita kila siku. Nilikata turubai kuukuu, nikashona mabegi mawili madogo na moja kubwa.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, alinikuta nikiyajaribisha migongoni mwa watoto.

“We mama, unapeleka batoto kwa mguu mpaka Muyinga?”

“Kidogo kwa mguu, kidogo kwa baiskeli, mama. Tukichoka tutapanda gari.”

“Lakini gari iko. Inaondoka hapa asubuhi, saa sita muko mumeshafika. Alors, hiyo vakansi ni ya namna gani?”

Vakansi ndilo neno lao la likizo. Alitikisa kichwa akaingia ndani, kisha akatoka na mfuko wa karanga za kukaanga, akauweka kwenye begi la mdogo mwenyewe.

Tuliondoka Jumatatu, jua likiwa bado jepesi. Saa ya kwanza watoto walikimbia. Saa ya pili walitembea. Saa ya tatu mdogo alikaa chini kando ya barabara akasema miguu yake imekwisha. Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyojitwika. Nyumbani mtoto akichoka na mchezo huenda kwa jirani, hufukuza kuku, hulala. Barabarani hana mtu mwingine ila wewe. Wazazi wale wa Kizungu walikuwa wawili. Mmoja akiishiwa na maneno mwenzake anaendelea. Mimi nilikuwa peke yangu.

Nikaanza na vitendawili. Mimi nikitega na wao wakitegua, kisha zamu yao, nao wakavitunga wenyewe kwa vitu tulivyoviona. Cha mdogo kilikuwa: “Ana miguu miwili ya mviringo, hajui kupanda mlima.” Ilikuwa baiskeli, maana tulizipita nyingi zikisukumwa mlimani na mizigo ya ndizi mbichi. Cha binti kilikuwa: “Ninatembea naye tangu asubuhi, hanisaidii mzigo.” Kilikuwa kivuli. Nilimsifu, kisha nikaendelea kutembea nikikitafakari kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Baada ya vitendawili tukahesabu baiskeli. Aliyeona ya makaa kwanza alipata alama moja, ya ndizi alama mbili, na ile iliyobeba mbuzi alama kumi. Baada ya baiskeli nikaanza hadithi ya mbuzi aliyekata kamba kwenda kuona barabara inaishia wapi. Nilikuwa naitunga hatua kwa hatua, kila kilima na kisa chake, na nikisimama tu kuvuta pumzi mdogo ananivuta sketi. “Halafu? Halafu mbuzi akafanyaje?” Kufikia saa tisa sauti yangu ilikuwa imekauka. Nilikuwa nimeongea siku nzima na sikuwa nimesema neno moja la mtu mzima.

Jambo moja sikulitegemea. Mchana wa siku hiyo ya kwanza mwanamume aliyekuwa akiziba pancha mbele ya nyumba yake alisimama alipotuona. Alitazama begi langu, akatazama ya watoto, akaangalia barabara nyuma yetu.

“Kuna nini Gitega?” aliniuliza kwa Kirundi.

“Hakuna kitu. Ni amani.”

“Mbona mmebeba?”

“Tuko likizo. Tunatembea.”

Alimwita mkewe, naye akatoka na mtoto mgongoni, mumewe akamweleza kuwa huyu mama anasema hajakimbia chochote, anatembea tu. Mke aliniuliza tena yale yale, kana kwamba mumewe hakusikia vizuri. Kisha wakacheka, nami nikacheka, wakatupa maji. Lakini tulipoondoka niligeuka nikawaona bado wamesimama, wanaangalia upande wa Gitega. Hiyo haikuwa mara ya mwisho. Katika siku zile sita watu watano au sita walituuliza swali hilo hilo. Mwanamke na watoto wawili na mizigo mgongoni: kwetu picha hiyo ina maana moja tu, na amani ilikuwa bado haijapata muda wa kuibadilisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitembea nchi hii kwa miguu mara moja tu katika maisha yangu, nikiwa nimeshika pindo la kitenge cha mama yangu, na wakati ule hakuna aliyenitegea vitendawili.

Tulilala kwa katekista mmoja aliyetupa chumba cha kuhifadhia viti vya kanisa. Niliwaosha watoto miguu kwa maji ya moto. Jua lilikuwa halijazama vizuri walipolala mmoja juu ya bega la mwenzake. Nikakaa mlangoni. Ua lilikuwa limefagiliwa, mke wa katekista alikuwa akipeta maharage, na mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye akimsimulia jambo kwa sauti ndogo. Sikusikia neno hata moja. Niliwatazama tu, vile ambavyo binti yangu aliwatazama wale wageni wakila ndizi.

Siku ya pili tulifika Ruvubu. Mto ule wakati wa kiangazi hauna haraka. Unapita katikati ya matete kama mtu anayerudi kutoka misa. Tulisimama darajani, mdogo akashika ukingo.

“Mama, huu ndio mpaka?”

“Hapana. Huu ni Ruvubu. Uko ndani ya nchi.”

“Mpaka uko na daraja?”

“Mpaka uko mbali, Kobero, baada ya Muyinga.”

Akamtazama dada yake, naye dada yake akamtazama. Kisha wakaanza kutembea, na nikashangaa jinsi walivyotembea. Siku ile hakuna aliyekaa chini. Binti alibeba begi la mdogo wake pamoja na lake bila kuombwa. Nilifikiri hatimaye wameipenda safari, na nikajisifu moyoni kwamba michezo yangu imefanya kazi. Hata hadithi ya mbuzi ilibadilika. Nilitaka kumrudisha mbuzi zizini, hadithi iishe, lakini mdogo alikataa.

“Hawezi kurudi. Anaenda kwa baba yake.”

“Nani alisema mbuzi ana baba?”

“Kila mtu ana baba,” alisema.

Nikamwacha mbuzi aendelee.

Karuzi tulifika siku ya tatu kwa baiskeli mbili za kukodi, mimi na mdogo kwenye moja, binti kwenye nyingine. Siku ya nne tulipita Buhiga kwa miguu, na baada ya hapo kiatu cha mdogo kilimtoa lengelenge kisiginoni. Lilipasuka. Hakulia, ila alianza kukanyagia vidole. Nilikuwa nimembeba mgongoni, begi langu nimelitundika kifuani, mwanamke mmoja mzee aliponiita kutoka shambani kwake.

“Wewe, unamuua mgongo huyo mtoto, au yeye ndiye anakuua wewe? Njoo hapa.”

Alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililoanza kuota kutu. Alikuwa mkali, na maneno yake yalikuwa mengi kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kupata wa kumwambia. Aliosha kisigino cha mdogo kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa safi, akasema tutakaa kwake mpaka kesho kutwa na hataki kusikia habari nyingine. Kisha akaleta rundo la maharage makavu kwenye maganda yake, akalimwaga mbele ya watoto juu ya mkeka.

“Hapa hakuna anayekula bila kazi,” alisema kwa Kirundi. “Atakayepata punje nyekundu nyingi ndiye atakayekula kiazi kikubwa.”

Sikujua watoto wameelewa kiasi gani. Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini binti akanitangulia, akamwambia mdogo wake kwa Kiswahili kila kitu, mpaka habari ya kiazi. Wakaanza. Mzee aliwategea vitendawili vya Kirundi. “Sokwe!” alisema, yaani kitendawili, na akawafundisha kujibu “Niruze!”, yaani tega, kabla ya kutegewa. Walikosea, akawacheka, wakacheka naye. Alikuwa na njia yake ya kucheka, ya kujipiga paja. Mdogo, ambaye darasani hafungui mdomo, alipaza sauti “Niruze!” mpaka kuku wakatoka jikoni.

Kwa mara ya kwanza tangu Gitega sikuwa na la kufanya. Nilikaa kwenye ngazi nikaunyoosha mguu. Mzee alikuja akakaa karibu nami na kibuyu cha togwa la mtama.

“Nilikuwa na watoto watano,” alisema. “Wawili wako huko Tanzania. Sijui kama wako hai na wamenisahau, au wamekufa na hawajanisahau.” Alikunywa. “Na huyu baba wa hawa yuko wapi?”

Kabla sijajibu, binti yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage, akajibu kwa Kirundi chake cha kuchechemea, “Yuko mbele. Tunamfuata.”

“Vema,” alisema yule mzee.

Nilisikia. Nataka kuandika ukweli hapa: nilisikia vizuri kabisa. Nilijiambia kwamba mtoto amejibu kwa adabu, kwamba hakutaka kuniaibisha mbele ya mgeni, kwamba hiyo ni akili ya mtoto mkubwa. Niliinuka nikaenda kuchota maji.

Tulikaa kwa yule mzee siku nzima iliyofuata. Tulipoondoka siku ya sita hakutuaga. Alikuwa ameingia ndani ya shamba la mihogo akawa anapalilia mahali ambapo hapakuwa na majani. Watoto walimpungia mkono, na mimi nikamwita mara mbili. Aliinua jembe kidogo bila kugeuka.

Gari dogo lililobeba matofali lilituchukua mpaka karibu na Muyinga, na kilomita za mwisho tukazitembea, kwa sababu mdogo alitaka kuingia mjini kwa miguu. Ilikuwa mchana. Mji ulipoanza, Kiswahili nacho kilianza. Wanawake waliokaa na vikapu vya nyanya waliongea Kiswahili, mafundi wa baiskeli waliongea Kiswahili, na dukani mdogo aliomba ubuyu akapewa ubuyu, ule mwekundu unaotia rangi ulimi, ambao Gitega hatukuwahi kuuona. Alisimama katikati ya barabara na ulimi nje akimwonyesha dada yake.

“Tumekaribia,” alimwambia.

Rafiki yangu alikuwa na mgahawa mdogo wa chai na maandazi, si mbali na msikiti. Kambini tulikuwa tumegawana ukuta wa turubai na mafiga. Aliolewa Muyinga na fundi seremala, akasilimu, akanenepa. Alinikumbatia kwa muda mrefu, nami nikagundua kwamba tangu nirudi hakuna mtu mzima aliyenishika zaidi ya kunipa mkono. Aliwalisha watoto pilau mpaka wakasinzia wameshika vijiko. Jioni ile tuliongea mambo madogo madogo: nani amerudi, nani amebaki, nani amefariki. Habari za mume wangu hakuniuliza. Nilidhani ni heshima.

Asubuhi nilipoamka watoto hawakuwa kitandani. Niliwakuta uani. Binti alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amemvalisha mdogo wake shati jeupe, amemchana nywele na kumpaka mafuta usoni mpaka anang'aa. Mabegi yote matatu yalikuwa yamefungwa, yamepangwa mlangoni.

“Tuko tayari,” alisema.

“Tayari kwenda wapi?”

Alinitazama kama vile ninamtania. “Kwa baba.”

Rafiki yangu alikuwa jikoni, amekunja mikono anakanda unga. Mikono yake ilisimama.

“Ulisema Kobero iko baada ya Muyinga,” binti akaendelea. “Mimi najua. Tulipokuja lori lilipita hapa. Tunavuka, halafu Ngara. Tumetembea ili baba asijue, tumshtukize. Si ndiyo?”

“Nani alikuambia hivyo?”

“Hakuna. Nilijua mwenyewe. Kwa nini basi tukaja huku?”

Kulikuwa na barabara nyingi zinazotoka Gitega. Tungeweza kwenda Bukirasazi, karibu, tukala machungwa tukarudi. Tungeweza kwenda ziwani, na watoto wakaogelea. Nilikuwa nimezipita zote nikachagua hii inayoelekea mpakani, nikatembea siku sita nikiwachekesha watoto, na mtoto wa miaka tisa alijua tunaelekea wapi kabla yangu.

“Tulikuja kumtembelea mama mdogo,” nilisema. “Tulikuja kupumzika. Kwa baba hatuendi.”

Mdogo alianza kuvua shati, kifungo kimoja baada ya kingine. Dada yake akamzuia mkono.

“Basi mpigie,” alisema. “Mwambie tuko hapa. Yeye aje.”

Nilipiga. Tulikaa watatu kwenye benchi la mgahawa, simu tumeiweka katikati ya vichwa vyetu ili wote tusikie. Ililia kwa muda mrefu kabla hajapokea. Sauti yake ilikuwa ile ile, yenye uvivu wa asubuhi. Nilimwambia tuko Muyinga na watoto wanataka kumsalimia.

“Muyinga mnafanya nini?”

“Likizo,” nilisema.

Mdogo akaanza kumweleza yote kwa pumzi moja: baiskeli iliyobeba mbuzi, lengelenge, bibi mwenye maharage, Niruze. Baba yake aliitikia vizuri, lazima niseme hivyo, alisema “Eeh?” na “Kweli?” mahali panapostahili. Aliwaambia wakati wa Noeli, yaani Krismasi, atakuja na kuwaletea viatu. Ndipo mtoto mchanga alipolia. Alilia karibu kabisa na simu, kilio kile cha mtoto wa wiki chache, na sauti ya mwanamke ikambembeleza kwa Kiswahili laini, ikisema nyamaza baba, nyamaza.

Mume wangu alisema mtandao si mzuri. Simu ikakatika.

Mdogo hakuwa ameelewa. Aliuliza tu viatu vitakuwa vya rangi gani. Lakini binti aliniangalia usoni, nami sikupata muda wa kuuficha uso wangu. Tukatazamana. Nilitamani aseme kitu, anilaumu, alie. Aliinuka, akamshika mdogo wake mkono.

“Twende nikuonyeshe wanavyopasua mbao,” alimwambia. “Atakayeona fundi mwenye ndevu kwanza anapata alama tano.”

Wakaenda kwenye karakana ya mume wa rafiki yangu. Niliwasikia wakibishana kama ndevu fupi nazo zinahesabiwa.

Rafiki yangu alikuja akakaa kwenye benchi, mikono bado ina unga.

“Ulijua?” nilimuuliza.

“Watu wanaopita Kobero wanaleta maneno. Nilisikia kabla ya Pasaka.”

“Hukuniambia.”

“Ningekuambiaje kwa simu, ndugu yangu? Ndiyo maana nilikuwa nakuita uje.”

Nililia pale mbele ya wateja wawili wa chai, ambao kwa wema wao waligeuza viti vyao wakatazama barabara.

Tulikaa Muyinga siku nne zaidi. Siku hizo zote binti yangu ndiye aliyemchezesha mdogo wake. Alimtengenezea gari la vipande vya mbao, akamtungia vitendawili, akamaliza hadithi ya mbuzi kwa namna yake: mbuzi alifika mwisho wa barabara akakuta kuna nyasi za kawaida, akala, akageuka. Mimi sikuwa na kazi. Nilikaa mgahawani nikimsaidia rafiki yangu kusukuma maandazi, watu wakiingia na kutoka, na sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa katikati ya watu wale. Nilikuwa nimekuja nikitamani mtu wa kunipokea kazi ya kuwafurahisha watoto. Nilipompata, alikuwa na miaka tisa, na nilitamani kumnyang'anya kazi hiyo nimrudishe kwenye mchezo. Siku ya tatu nilijaribu. Nilisema, “Njoo, leo mimi nitatega.” Alikuja, akategua viwili kwa adabu, akamtazama mdogo wake kuona kama anafurahi.

Tulirudi Gitega kwa gari. Barabara ya siku sita iliisha kabla ya saa sita mchana, kama mama mwenye nyumba alivyosema. Nyumba ya yule mzee ilipita upande wa kushoto kwa kasi; niliona mkeka umeanikwa, yeye sikumwona. Mdogo alilala mapajani mwangu. Binti alikaa dirishani, na hakutega kitendawili chochote, kwa kuwa hapakuwa na wa kuchekeshwa.

Noeli ile baba yao hakuja. Alikuja mara moja, miaka mitatu baadaye, akakaa siku mbili, akaleta viatu vya mtoto wa miaka sita. Mdogo alikuwa na miaka tisa. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama tulivyomfundisha. Baadaye alimpa mtoto wa jirani.

Sasa wote wawili wameondoka nyumbani. Binti anafundisha darasa la kwanza katika shule moja upande wa Karuzi, na wanasema watoto wake hawachoki darasani. Mwaka jana alinipigia simu wakati wa likizo. Nilimuuliza kama anaikumbuka safari ile, na kama alinichukia.

“Sikukuchukia, mama,” alisema. “Nilikuwa nafikiri umechoka. Ulikuwa unaongea siku nzima.”

Nilimuuliza lini atakuja kunitembelea. Alisema wiki ijayo kama usafiri utapatikana, na kama si wiki ijayo, basi mwezi ujao. Nikamwambia asiharakishe, nina kazi nyingi. Kisha nikaweka simu chini, nikarudi kwenye cherehani, nikamaliza kushona gauni la mtoto wa mtu.